Nirudishieni Springi Zangu

Usijitie hamnazo. Umemwona. Uliegesha gari lako ubavuni mwa lake, ukaona kiti cha magurudumu kimekunjwa nyuma ya siti ya dereva, ukajiambia atajua mwenyewe, ukaondoka zako simu ikiwa sikioni. Kama si wewe, basi ni mtu mnayefanana naye sana.

Leo mtazame vizuri.

Ni Jumapili, saa mbili asubuhi. Kwenye uwanja wa nyuma ya ghala lililofungwa zamani, boneti saba au nane ziko wazi. Hawa wanaoinama juu ya injini si mafundi wa kulipwa. Ni mwalimu wa hesabu, bawabu wa benki, muuguzi, muuza vioo: watu wanaoyapenda magari yao makuukuu kiasi cha kuyatengeneza na kuyapamba wenyewe siku ya mapumziko. Sheria yao ni moja tu. Gari la mtu haliguswi mwenyewe akiwa hayupo.

Gari la kijivu linaingia taratibu na kusimama kando ya meza ya cherehani. Mlango unafunguka wote. Mama wa miaka hamsini na ushei ananyoosha mkono nyuma, anavuta kiti chake, anakikunjua, anatandika ubao laini kati ya siti na kiti, kisha anateleza. Hakuna anayemkimbilia.

"Wakinikimbilia nawafukuza," anasema. "Anayetaka kunisaidia aniletee chai."

Wanamwita Mama Viti, kwa kuwa ndiye anayewashonea viti vya magari yao. Zamani alishona maturubai ya malori. Miaka tisa iliyopita alipanda juu ya mzigo kufunga turubai aliloshona mwenyewe, kwa sababu mfungaji hakufika kazini na bosi hakutaka lori lichelewe. Kamba ikakatika, akaanguka chali. Bosi alimpelekea kreti ya soda hospitalini, akapiga naye picha, na tangu hapo hapokei simu yake. Wapo waliokwisha kuisahau kreti ile. Ikumbukwe hapa.

Miguu haikurudi. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Kwa miaka kadhaa nusu ya alichokipata kwa kushona iliishia kwenye teksi, na teksi nyingine zilipokiona kiti cha magurudumu ziliongeza mwendo.

Cherehani yake ya umeme ina pedali ya mguu. Aliipandisha mezani akawa anaikandamiza kwa kiwiko. Siku moja mdogo wa marehemu mumewe, fundi bomba wanayemwita Jeki kwa mabega yake, alikuja kuchukua mto wa siti akasimama kumtazama akishona. Mama Viti akamuuliza bila kuinua macho:

"Shemeji, kama pedali hii imekubali kupanda, ya gari inagoma nini?"

Jeki alirudi kesho yake na yule mwalimu wa hesabu na futi ya kupimia.

Gari walilipata bovu, la otomatiki, la mtu aliyekwisha kulikatia tamaa. Jumapili kwa Jumapili walilifufua. Vyuma viliungwa na mchomeleaji anayeijua kazi yake. Kupima, kufunga, kufungua na kufunga tena ilikuwa yao. Mkono mmoja unashika usukani, mwingine unashika fimbo iliyounganishwa na pedali: kusukuma ni breki, kuvuta ni mafuta. Mwalimu hakuruhusu gari litoke uwanjani hadi liwe limezunguka na kusimama papo hapo mpaka yeye, aliyekuwa akikimbia pembeni yake, akaishiwa pumzi. Mkaguzi wa magari akalijaribu, akalipitisha.

Mama Viti hawezi kuingia uvunguni mwa gari. Wenzake hawawezi kushona mshono ulionyooka. Wakabadilishana kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza nani anapunjwa.

Mwaka jana ndipo walipomkosea.

Dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, alifanyiwa upasuaji wa mguu. Mama Viti alipelekwa huko na jamaa, akamwachia Jeki ufunguo abadilishe pedi za breki. Pedi tu. Lakini wapenda magari wana ugonjwa wao: gari lililoshushwa karibu na ardhi, machoni mwao, linamshinda bibi harusi kwa uzuri. Jeki akaona ampe shemeji yake zawadi. Wote wakachangamkia. Wakatoa springi za gari wakaweka fupi, wakafunga rimu zinazong'aa, wakaipaka rangi ile fimbo. Sheria yao moja wakaikanyaga kwa mapenzi.

Aliporudi walipanga mstari kama wanaopokea mgeni rasmi. Akasifu rimu. Akateleza ndani, haraka kuliko alivyozoea, akazungusha gari uwanja mzima, wakapiga makofi. Kisha akalisimamisha, akafungua mlango, akakikunjua kiti chake, akatandika ubao.

Kiti cha magurudumu sasa kilikuwa juu kuliko siti kwa upana wa kiganja na zaidi. Ubao ulipanda kama ngazi. Akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi tena. Makofi yakafa.

"Mmenipa gari zuri," akawaambia. "Sasa nileteeni na godoro, maana ndiyo nyumba yangu hii."

Walicheka, kicheko cha watu wanaotafuta pa kujificha. Jeki hakucheka. Alisogea, akainama mlangoni, akasema atambeba.

"Kubebwa nilishabebwa, shemeji. Gari hili lilitengenezwa nisibebwe."

Akawaagiza walete yale matuta mawili ya mbao wanayopandishia magari wakibadilisha oili. Wakayapanga mbele ya matairi. Mwalimu akasimama pembeni akihesabu kwa ishara ya vidole. Mama Viti akavuta fimbo kidogo kidogo, gari likapanda, akasukuma, likatulia. Muuguzi akaweka mawe nyuma ya matairi. Siti ikawa juu, kiti kikawa chini. Akatandika ubao, akateleza kama siku zote, akakaa kwenye kiti chake, akapangusa uso kwa kanga.

"Haya," akasema. "Nirudishieni springi zangu."

Hapo ndipo bawabu wa benki alipokohoa. Springi zile alikuwa amepewa yeye. Zilikuwa kwenye gari lake, zilimaliza kelele iliyomsumbua tangu alinunue, na alikuwa amekuja nazo siku hiyo akitamba. Alichukua jeki, akainua gari lake, akaanza kufungua. Kabla giza halijaingia, gari la kijivu lilikuwa limerudi kwenye urefu wake. La bawabu lilibaki juu ya matofali, na mwenyewe alirudi nyumbani kwa miguu, akaenda kazini kwa miguu wiki nzima, hadi alipopata springi nyingine.

Mama Viti akilisimulia hilo huweka mkasi chini. "Watu huniuliza kama niliwakasirikia," anasema. "Nikasirikie nini? Walikosea mchana, jioni wamerekebisha. Nikiwaambia asante naona neno lenyewe ni fupi. Kila ninapofungua mlango huu na kushuka peke yangu, nawaona wote." Viti vya gari la bawabu alivishona upya vyote, na kwenye kiti cha dereva akaweka mshono mwekundu ambao hajamwekea mwingine. Rimu zinazong'aa alibaki nazo. "Hizo hazinizuii kushuka," anasema, na Jeki anajifanya hakusikia.

Sasa turudi kwako, mwenye simu sikioni.

Siku za kazi Mama Viti hupeleka viti madukani. Mlango wake usipofunguka wote, ubao hautandikiki. Mwezi uliopita mtu alimbana ubavuni, na upande wa pili kulikuwa na ukuta. Alikaa ndani ya gari jua la utosi likimwangukia, hadi wenye maduka walipoanza kufunga kwa chakula. Mwenye gari alipotokea alisema, "Samahani mama, nilikuwa naingia na kutoka." Ni maneno yale yale ya kila mwaka, tangu mji ulipoahidi nafasi pana za kuegesha, ukapaka mistari ya manjano mbele ya wapiga picha, na mvua ikaifuta.

Jumamosi hii Mama Viti anasafiri. Dada yake anaanza kutembea tena, naye anataka kumwona, akiendesha mwenyewe, bila wa kumbeba wala wa kumsindikiza. Bawabu amekagua matairi. Mwalimu amekagua breki, akazikagua tena. Jeki ameuliza mara moja tu kama aende naye, akajibiwa kwa kutazamwa.

"Barabara siiogopi," anasema. "Naogopa kufika nikakosa pa kushukia. Dada yangu asimame mlangoni, mimi nimtazame kupitia kioo."

Waliomfungia njia kwa mapenzi waliifungua siku ile ile, na mmoja wao akatembea kwa miguu. Wewe unadaiwa hatua chache tu hadi ulipoegesha. Usisubiri Jumamosi, wala usiseme mtaa wa dada yake si wako, maana hujui ni upi. Weka gazeti chini, toka nje, tazama ubavuni mwa gari lako. Kama mlango wa jirani hauwezi kufunguka wote, lisogeze. Sasa hivi.