Mayai ya Safari na Maji ya Ujana

Kila ninapochemsha mayai hapa Riverdale Park, Maryland, mvuke ukinipanda puani namwona nyanya yangu akinusa mayai mbele ya watalii, amekasirika kweli kweli.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami nikiwa darasa la tatu. Nyanya, mama yake mama, alikuwa ametutembelea kutoka Nakuru, na muda wa visa yake ulikuwa ukingoni. Mama alitaka abaki. Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee wa watu wengine, na ilimuuma kwamba mzee wake mwenyewe alikuwa mbali. Basi akaomba likizo, akatupakia garini hadi Florida, kwenye mji wa pwani uliojengwa na Wahispania zamani. Alidhani Nyanya akiota jua la huko ataacha kuilalamikia baridi ya Maryland. Chakula cha njiani, kama kawaida yetu, kilikuwa chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya themosi. Kununua chakula barabarani kwetu ilikuwa aibu.

Mjini humo kuna bustani ya kumbukumbu yenye kisima ambacho, wanasema, maji yake hurudisha ujana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza wageni alitugawia maji kwa vikombe vya karatasi. Harufu ya mayai viza ikatupiga. Nyanya akafungua mkoba wake palepale.

"Si niliwaambia haya mayai yataharibika njiani!"

Akaanza kuyanusa moja moja. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, ndipo akamweleza kwamba ni maji ndiyo yanayonuka. Akamsogezea kikombe.

"Mum, kunywa tu. Ukirudi usichana, tuna-extend visa, unakaa na sisi."

Alisema kwa mzaha, lakini kikombe hakukishusha. Nyanya hakukipokea. Alikuwa akitazama uwanja wa nyasi ambao tulikuwa tumeambiwa ni makaburi ya kale.

"Hawa Wahispania waliokuja na meli," akauliza, "hakuna aliyerudishwa kwao?"

Mama akatafsiri. Yule mwanamke wa kutembeza wageni akatikisa kichwa, akasema wengi walibaki papo hapo.

"Basi mimi nirudisheni nikiwa bado natembea."

 Mama akakiinua kile kikombe akanywa maji yote, hata pua hakuikunja. Mimi nilidhani ana kiu. Mayai tuliyala kwenye maegesho, na baada ya wiki chache tukamsindikiza Nyanya uwanja wa ndege.

Siku hizi mama anaishi kwangu, na ni mzee kama Nyanya alivyokuwa. Juzi, tukiwa mezani, aliniambia anataka kurudi Nakuru akiwa bado anatembea. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya moto. Niliinywa yote, ikaniunguza koo, nikajua kwamba siku ile mama hakuwa na kiu.