Mnazi Uliochomwa na Sakitu

Ukiingia kwa Mama Mbeyu pale Mtopanga, Kisauni, ilibidi upite upandeupande kama kaa. Uwanja mzima ulikuwa madebe: madebe ya mafuta ya kupikia, mikebe ya rangi, ndoo zilizotoboka, hata beseni moja la kuogea mtoto. Ndani ya kila chombo mlikuwa na mche. Minazi, mipopoo, mikadi, asmini, na mlangilangi mmoja uliokuwa ukinukia mpaka barabarani.

Mbeyu kwa lugha yetu ni mbegu, na watu walikuwa wakisema jina hilo ndilo lililomfanya hivyo. Yeye alisema ni njaa. Mumewe alikuwa kuli bandarini Kipevu. Alipofariki mwaka 1974 alimwachia kiwanja, minazi kumi na mmoja na binti mmoja, Pascalia. Mama Mbeyu akaanza kuotesha nazi zilizoanguka na kuwauzia watunza bustani wa majumba ya Nyali.

Lakini hakuuza ovyo. Mtu akija kununua huulizwa kwanza. Jua laingia hapo saa ngapi? Kuna mbuzi? Nani atamwagilia wewe ukienda likizo? Siku moja mtunza bustani mmoja alichoka kuulizwa, akasema, "Mama, wauza mche ama waoza binti?"

"Yote ni mamoja," akamjibu. "Nataka kumjua mkwe."

Mimi kazi yangu ni ukwezi. Kila baada ya miezi mitatu nilikuwa nakwea minazi yake kumi na mmoja, naangua nazi na kusafisha vilele. Ni kazi inayonifaa, maana juu ya mnazi hakuna wa kuzungumza naye. Nilikuwa pia nikimsomea barua zake, kwa kuwa yeye hakusoma na mimi nilifika darasa la saba. Ni kwa sababu ya barua moja kati ya hizo naandika habari hii.

Pascalia alikuwa akiuza nazi soko la Kongowea. Hapo akakutana na Elkana, dereva wa lori la kabichi na viazi kutoka Kinangop. Wakaoana, akaenda kukaa bara. Mapema mwaka 1986 wakapata mtoto wa kike. Kwa desturi ya kwao Elkana, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Lakini mama yake Elkana alikuwa tayari ana wajukuu watatu wenye jina lake, akasema wanatosha, wakiitwa wanaitika wote. Basi mtoto akaitwa Mbeyu, somo wa bibi yake wa Mombasa.

Mama Mbeyu alipopata habari hiyo alikaa chini kati ya madebe yake akalia. Kisha akainuka, akachagua mche. Desturi yetu ni kwamba kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mti huo ni wa mtoto. Ukistawi, watu hufurahi. Ukinyauka, hakuna anayesema neno, ila kila mtu huwaza.

Alichagua mche wenye makuti matatu, nazi yake bado nzima, akampa Elkana auweke mbele kwenye lori. "Usiutie nyuma na kabichi," akamwambia. "Huyu si abiria wa nyuma."

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama mnazi utaota Kinangop. Kwetu baridi ni ule upepo wa mwezi wa saba unaomfanya mtu atafute shuka.

Januari ya mwaka 1987, joto likiwa limepamba moto, dereva mwingine alileta barua ya Pascalia. Aliiandika yote kwa herufi kubwa, kama alivyozoea kuandika bei kwenye kibao cha sokoni. Nilimsomea Mama Mbeyu: "MAMA, SALAMU. MTOTO HAJAMBO. MNAZI WAKE UMECHOMWA NA SAKITU USIKU. TUNAKUJA NAO JUMAMOSI. USILIE."

"Umechomwa na nani?" akauliza.

"Na Sakitu."

"Sakitu ndiye nani?"

Neno hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli. Lakini nilikuwa ndiye msomaji, nikaona haya kutojua. Nikasema, "Nadhani ni wifi yake."

Maskini mimi. Kufika Jumamosi, Sakitu alikuwa ameshapata umbo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye wivu, asiyezaa, anayetembea na birika la maji moto wakati watu wamelala. Majirani walikuwa wakija kumpa pole Mama Mbeyu na kila mmoja aliongeza kidogo.

Lori likasimama barabarani adhuhuri. Pascalia akashuka na mtoto mgongoni. Elkana akabeba debe kwa mikono miwili, amelikumbatia kifuani. Mche ulikuwa wa kusikitisha. Makuti yote yalikuwa ya kahawia, yamelegea, kama yaliyochovywa ndani ya sufuria inayochemka.

"Shikamoo, mama," Elkana akasema.

Mama Mbeyu hakuitikia marahaba. Aliutazama mti, kisha akamtazama yeye. "Na huyo Sakitu yuwapi? Mbona hukuja naye?"

Elkana akacheka. Hakukusudia ubaya, ni mtu mwenye kicheko cha karibu. "Sakitu iko Kinangop, mama. Hapa haiwezi kufika."

"Wacheka! Mti wa mtoto wachomwa, nawe wacheka na kumficha dada yako!"

"Dada gani? Mama, sakitu ni baridi. Usiku umande unaganda kwa majani, unakuwa mweupe kama chumvi. Asubuhi kila kitu kimeungua."

"Baridi yaunguza?" Mama Mbeyu akawageukia majirani. "Nyie, mshasikia? Baridi yaunguza! Kesho ataniambia maji yakausha nguo."

Watu wakacheka. Elkana uso ukamwiva. Pascalia akajaribu kusema, mama yake akamnyang'anya mfuko wa nguo, akauingiza ndani.

"Wewe mwanamume rudi na lori lako," akasema. "Mwanangu na somo yangu hawarudi kwa watu wanaomwagia mti wa mtoto maji moto. Watakaa hapa mpaka mti huu uote. Na usipoota, watakaa hapa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlangilangi. Kinywa changu kilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, "Kosa ni langu." Hayakutoka. Elkana alimbusu mtoto kwenye utosi, akaenda zake bila hata kunywa maji. Pascalia alibaki amesimama pale mpaka sauti ya lori ikapotea.

Jumapili nzima sikuweza kula. Jumatatu alfajiri nilikwenda Kongowea, kwenye duka la samaki, nikanunua kipande cha barafu na chumvi ya mawe. Wauza samaki wanajua kwamba barafu ikitiwa chumvi baridi yake huzidi. Nikaifunga ndani ya gunia, nikaipakia kwenye baiskeli.

Nilipofika, Mama Mbeyu alikuwa amechutama mbele ya mche, kisu mkononi, anataka kuyakata yale makuti yaliyoungua.

"Yaache, mama," nikasema. "Yanafunika shaha."

Shaha ndio moyo wa mnazi, lile chipukizi jeupe lililojificha katikati. Likifa, mti umekufa hata kama mizizi ni mizima. Nilipiga magoti nikanusa katikati ya mche, maana shaha likioza hutoa harufu kama ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Haukunuka. Sikuthubutu kuvuta lile kuti changa la katikati kuona kama litang'oka.

Kisha nikachuma kipande kibichi cha jani la mgomba na ncha ya kuti la mnazi wa Mama Mbeyu mwenyewe. Nikavitia ndani ya mkebe mkavu wa majani ya chai, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Barafu nikaivunjavunja ndani ya ndoo, nikamwagia chumvi, nikauzika mkebe humo.

"Nzai, wafanya uganga gani?" akauliza.

"Ngoja, mama."

Tulingoja. Jua likapanda, jasho likatutiririka. Pascalia akaja na mtoto, wakaketi. Kila Mama Mbeyu aliponyoosha mkono kufungua, nikasema bado kidogo. Adhuhuri nikautoa mkebe. Kwa nje ulikuwa umeota kitu cheupe, kama unga uliochekechwa. Pascalia akaupitisha kidole.

"Mama," akasema, "hii ndiyo sakitu."

Nikafungua. Vile vipande vilikuwa vigumu kama kadibodi. Nilipoviweka juani vikalegea, na jani la mgomba likaanza kugeuka mbele ya macho yetu, likawa na weusi wa majimaji kama lililomwagiwa maji moto. Mama Mbeyu aliligusa. Akalinusa. Akalilinganisha na makuti ya mche wa mtoto. Akafungua mkebe tena, akatazama ndani kama kuna moto uliofichwa.

"Ni mimi niliyesema ni wifi," nikasema. "Neno sikulijua, na kwa herufi kubwa kila neno lafanana na jina la mtu. Niliona haya."

Akaliweka lile jani chini. "Nzai," akasema, "siku zote husemi, na siku uliyosema ukaniletea wifi." Halafu akamgeukia binti yake. "Kwa nini hamkuufunika?"

Pascalia alitazama chini. "Tulikuwa tukiufunika, mama. Elkana alikuwa akiufunika kila jioni kwa blanketi lake mwenyewe, tangu mwezi wa kumi na mbili. Yeye alikuwa akilala na koti."

"Na usiku ule?"

"Usiku ule alikuwa huku. Alishusha kabichi akataka kurudi, ukamwambia alale, umepika wali wa nazi. Mimi mtoto alikuwa na homa, nikasinzia naye."

Mama Mbeyu akalivuta debe la mche karibu. Aliweka mikono yake ndani ya debe kama mtu anayetafuta pete, akatoa udongo. Wetu Kisauni ni mchanga, waupuliza ukaruka. Ule ulikuwa mweusi, mzito, umeshikana.

"Mbona debe zima ni udongo wa kwao? Mche ulikwenda na mchanga wangu."

"Alichimba siku nzima," Pascalia akasema. "Alichimba mbali na mizizi pande zote. Alisema hajui kitovu kimekaa sehemu gani, na hataki kukikosa."

Hapo ndipo Mama Mbeyu alipofunika uso kwa leso yake, na mikono bado ina udongo.

Siku ya lori la Elkana kurudi, Mama Mbeyu hakungoja nyumbani. Nilimsindikiza mpaka Kongowea, kwenye safu ya kabichi. Elkana alikuwa akifungua kamba za turubai. Alipomwona mkwewe akaacha kamba, akasimama wima kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba mbili, na ile ya juzi." Akamwokotea kamba. Kisha akauliza, "Huko Sakitu hajambo?"

Elkana alimtazama kuona kama ni ugomvi. "Hajambo, mama," akasema polepole. "Ameanza kupungua."

"Mwambie nilimdhania mtu. Na wewe nilikudhania si mtu. Unisamehe." Hakumngoja ajibu. "Mkeo amefunga mfuko tangu asubuhi. Mchukue, na somo yangu. Mti utabaki na mimi."

"Haujaota bado, mama. Ulisema mpaka uote."

"Nilisema. Sasa nasema vingine. Shusha kabichi zako, wali waiva."

Aliulea mche ule kama mgonjwa. Aliuwekea kivuli cha makuti, maji kidogo kidogo pembeni, samadi hakuthubutu. Makuti yaliyoungua hakuyakata, ingawa majirani walimcheka kwamba anafuga maiti. Juma la saba alimtuma mtoto wa jirani akaniite juu ya mnazi wa mtu, nikashuka nikidhani amepatwa na jambo. Katikati ya makuti makavu ulikuwa umetokeza mkuki wa kijani, mfupi kama kidole gumba, ncha yake imekunjamana.

"Hebu nusa," akasema.

"Hauna haja ya kunuswa, mama."

"Nusa tu."

Tuliupanda nyuma ya nyumba pamoja na udongo wake wote mweusi. Kule Kinangop, kwenye lile shimo, mama yake Elkana alipanda mpeasi.

Mnazi ulizaa mwaka 1995. Lakini kabla ya hapo, na hata baadaye, kila ifikapo Januari, Kisauni nzima ikitafuta kivuli, Mama Mbeyu alikuwa akiufunga shina kwa blanketi kuukuu. Watu walikuwa wakipita kumtania, "Mama, Sakitu yuaja?" Naye hujibu, "Hajui njia, lakini kakake ni dereva."

Nazi ya kwanza niliiangua bila kukwea, nimesimama chini. Akaniambia niandike barua ya kwenda nayo kwa mama yake Elkana. Nikaandika salamu, nikaandika kwamba mti wa mtoto umezaa, na kwamba sakitu haikuuweza.

"Hilo neno umelianza na herufi kubwa ama ndogo?" akauliza.

"Ndogo, mama."

Aliinama akalitafuta kwenye karatasi, ingawa hakujua kusoma. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Vyema," akasema. "Ndogo yatosha."