Mjomba Bizeki Asimamia Ndoa

Bizeki aliishi miaka kumi na minne kijijini kwa mkewe Enelesi, ng'ambo ya mto Linthipe, kama desturi yetu Wachewa inavyomtaka mwanamume. Mwishowe Enelesi aliwaita wajomba zake wavunje ndoa. Hakukuwa na fumanizi wala kipigo. "Tumeishiwa maneno," alisema, na Bizeki alipoulizwa akakubali kwamba ni kweli. Watoto na nyumba vikabaki kwa mama yao. Yeye akafunga jembe na blanketi kwenye baiskeli, akarudi Dedza kwa dada yake Falesi, jirani yangu.

Alilima vizuri, ila alikula peke yake nyuma ya jiko. Ukimuuliza habari za mkewe, alijibu, "Hajambo, yuko kwao." Harusi tatu za ukoo zilipita, na kila mara tumbo lilimuuma, asiende.

Mwaka wa pili Tamandani, binti wa Falesi, akapata mchumba. Kwetu mjomba ndiye msimamizi wa ndoa ya mpwawe, na wakigombana ndiye anayeitwa.

"Tafuta mwingine," Bizeki alimwambia dada yake. "Yangu imenishinda."

"Mwingine yupi? Mama alituzaa wawili tu. Au nikaazime mjomba kwa jirani?"

"Watanicheka, dada."

"Wacheke. Wakichoka watakula, waende zao."

Siku ya kubadilishana jogoo na mtetea, maana ndivyo ndoa inavyofungwa kwetu, mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye mdomo, akamtazama. "Huyu ndiye atakayewafunda watoto? Si ndiye aliyerudi na blanketi?"

Watu wakacheka. Bizeki akangoja wamalize.

"Ndiye," alisema. Kisha akamgeukia kijana. "Mwanangu, mimi na mke wangu hatukugombana hata siku moja. Nikikasirika nakwenda shambani. Yeye akikasirika anakwenda kisimani. Nilidhani huo ndio wema, kumbe tulikuwa tunazoea kukaa mbali. Ninyi gombaneni, halafu mniite. Nitakuja."

Yule mzee alimsogezea kata ya togwa, na Bizeki akanywa, akala nsima, ugali wetu, pamoja na wanaume wengine.

Wiki iliyofuata, wakipukuchua mahindi, alimsimulia Falesi kwa mara ya kwanza jinsi alivyoondoka. Asubuhi ile gurudumu halikuwa na upepo, na Enelesi ndiye aliyemshikia pampu. Alipofika hapo akalia. Falesi aliendelea na mahindi yake, akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

Tangu hapo Tamandani amemwita mara mbili, na mara zote alikwenda.

Masika iliyopita alisikia kwenye mashine ya kusaga kwamba Enelesi ameolewa. Aliuliza kama huyo bwana anakaa vizuri na watoto. Wakamwambia anakaa vizuri. Akachukua unga wake, akarudi nyumbani. Siku ile hakula. Kesho yake alikula.