Riwaya Iliyonisimamisha Mlangoni

Riwaya ile niliachiwa na mteja wangu, mwalimu, alipokuja dukani kwangu, mtaa wa Wabera, kuchukua sare za wanawe. "Isome polepole," aliniambia. "Si ya kukimbiza."

Inamhusu mtu anayeamka katika mji aliozaliwa na kukuta hakuna anayemkumbuka. Anakasirika, anagombana na kila mtu, mpaka mwanamke mmoja anamuuliza: na wewe, unamkumbuka nani?

Swali hilo nililichukua kama langu. Mimi ni fundi wa nguo. Wateja wangu nilijua viuno vyao na urefu wa mikono yao, basi. Nilikuwa nimezoea kulalamika kwamba Isiolo sina watu.

Katika chumba kilichopakana na changu, kule mtaa wa Bulla Pesa, aliishi bibi Mborana. Kwa miaka minne nilimpita kila asubuhi. "Salaam aleikum, akko," nilimwita hivyo kama wajukuu zake wanavyomwita bibi yao. Akiitikia, mimi nimeshafika getini.

Asubuhi baada ya kuimaliza riwaya nilimsalimia, nikasimama.

"Akko, zamani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Alinitazama kwa shaka. "Kwa nini? Umetumwa na serikali?"

"Hapana. Nataka tu kujua."

Akageuka, akaingia ndani. Nilienda kazini nikiona aibu.

Jioni nilimkuta ameketi mlangoni pangu.

"Nilikuwa nasuka vyombo vya maziwa," alisema, kana kwamba nimemuuliza sasa hivi. "Kwa nyuzi za mizizi. Unakaza mpaka tone halipiti. Watu walinijua mpaka Merti, kule mbali. Halafu mitungi ya plastiki ikaja." Akaninyooshea mkono. "Lete vidole."

Aliviminya kimoja kimoja, akafika penye sugu ya sindano, akacheka. "Hapa! Na mimi ni hapa hapa." Nikaigusa yake. Ilikuwa bado ngumu, baada ya miaka yote hiyo.

Wiki chache baadaye dada yake alimletea mzigo wa mizizi. Sasa Jumapili, nikitoka kanisani, tunakaa barazani ananifundisha kusuka. Majirani wawili wameanza kuvuta viti vyao karibu nasi, na nimejua mambo yao mengi ambayo tepu yangu isingeweza kupima.

Juzi nilimaliza chombo changu cha kwanza. Akko alikijaza maji, akayatazama yakichuruzika hadi sakafuni.

"Cha pili," alisema, "kitavuja kidogo."