Siku kanisa zima liliposikia barua yangu ya kuacha kazi kabla ya shefu wangu

Ndugu zangu, niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi, Kabeya, mzee wa kanisa, mwalimu wa darasa la ubatizo hapa Kikula, mjini Likasi, kwa miaka mingi, muntu ambaye vijana walikuwa wanaletwa nyumbani kwake ili niwaonyeshe namna ya kuacha kazi kwa adabu, niliacha kazi yangu kwa namna ambayo hata yule dereva wa kazini kwetu aliyetupa funguo za kamyo juu ya meza na kuondoka akiimba, ukimlinganisha nami, anaonekana muntu wa protokole. Ninamshukuru Mungu kwa yote, hata kwa aibu, ingawa kwa aibu hii shukrani yangu ilichelewa kidogo njiani.

Nilikuwa mtunza depo katika kampuni moja ndogo kule Shituru, karibu na njia ya treni, depo ya mavazi ya kazi: viatu vya botte, kofia ngumu, miwani, glavu. Miaka ishirini na sita nimewapa wafanyakazi glavu na kuwaandikisha katika daftari, na magoti yangu yalikuwa yamechoka na ile barabara ya kupanda kila asubuhi. Kumbe kanisa letu lilikuwa linafungua dispansari hapa hapa Kikula, na pastere akaniambia kwamba wanatafuta muntu mwaminifu wa kutunza stoo ya dawa, na kwamba kamati ingenipokea kwa mikono miwili, mradi nilete attestation ya shefu wangu, yaani karatasi ya kushuhudia kwamba nilitumika vizuri. Karatasi moja tu. Ninyi muikumbuke hiyo karatasi, maana mimi ndiye niliyeisahau.

Basi siku ya Alhamisi nikaenda kwa Nadine, binti anayechapa barua pale karibu na soko, nikamsomea barua yangu ya démission, yaani ya kuacha kazi, kutoka kichwani. Mstari wa kwanza aliuchapa, wa pili akauchapa, wa tatu akasimamisha vidole.

"Papa, barua ya démission iko mistari tatu. Unaaga, unatoa tarehe, unasema aksanti. Hii ingine ni ya nini?"

"Binti yangu," nikamwambia (kwa sauti ile ya darasa la ubatizo, Mungu anisamehe), "mimi nilianza kuandika barua mama yako akiwa hajazaliwa. Chapa."

Hii "ingine" ilikuwa msamaha. Nilikuwa nimekaa na shefu wangu, Bwana Mwamba, kijana wa miaka thelathini na kitu, kwa miaka miwili, na moyo wangu ulikuwa umebeba vitu vitatu, nikaona si vizuri mkristo aondoke navyo. Kwa hiyo nikamsamehe kwa maandishi. Kwanza, nilimsamehe kwa kuniita "Vieux", yaani kizee, mbele ya madereva. Pili, nilimsamehe kwa kuhesabu glavu mara ya pili na ya tatu baada ya mimi kuzihesabu. Tatu, nilimsamehe kwa kunikataza kuimba nyimbo za Bwana ndani ya depo wakati wa inventaire, ile hesabu ya mali yote. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kabisa, na nikafikiri hivi ndivyo watakatifu wanavyoacha kazi.

Sasa mnajua barua zetu za hapa. Barua isiyo na kopi chini yake ni kama muntu aliyetoka bila viatu. Nami sikutaka kutoka bila viatu. Chini kabisa nikamwambia Nadine aandike: kopi kwa delege wa sendika ya wafanyakazi, kopi kwa prezida wa mutuelle yetu, chama cha kusaidiana cha watu wa Kasai, kopi kwa pastere na kanisa. Akachapa, akatia kila moja katika bahasha yake, akazifunga kwa gundi, akanipa na jicho moja ambalo nilidhani ni la heshima.

Ijumaa asubuhi nikafika kwenye ofisi ya shefu nimevaa lile koti nililovaa kwenye harusi ya binti yangu. Sekretere akasema, "Shefu iko Lubumbashi, Papa, atarudia Lundi. Acha barua hapa juu ya meza, minye nitamupatia."

Nikakataa. Barua ya namna hii, nikamweleza, inatolewa mkono kwa mkono, na shefu anatia saini kwenye kopi yako kwamba ameipokea, ndivyo inavyofanywa na watu wenye malezi. Hapo nilikuwa na haki kabisa, na ingekuwa vizuri kama ningekufa na ile haki nikiwa bado mlangoni. Lakini niliposhuka kurudi Kikula, nikiwa na zile bahasha tatu za kopi mfukoni, zimefungwa, zimeandikwa majina, na nikiwa ninapita mbele ya nyumba ya delege, na mbele ya duka la prezida wa mutuelle, na mbele ya kanisa, nikajiuliza: mbona nirudi nazo nyumbani, halafu Jumatatu nizunguke tena na magoti haya? Original itafika kwa shefu Jumatatu, hizi ni kopi tu, nani anasoma kopi? Nikazigawa. Dakika kumi na tano. Ile original, pamoja na kopi yangu ya kutiwa saini, ikabaki ndani ya koti.

(Mke wangu, Mama Tshilanda, nilipomwambia jioni, aliweka kijiko chini. "Umegawa kopi ya barua haiyafika?" Nikamwambia mambo ya ofisi yana njia zake. Akachukua tena kijiko.)

Jumapili nilikaa mahali pangu, mbele, kwenye viti vya wazee vinavyotazama watu, maana kwetu mzee wa kanisa anatakiwa aonekane. Ikafika saa ya matangazo. Anayesoma matangazo ni sekretere wetu, Papa Ntumba, mstaafu wa ofisi ya serikali, muntu anayependa karatasi iliyochapwa kuliko wengine wanavyopenda nyama. Akasoma ratiba ya kwaya, akasoma mkutano wa wamama, halafu akainua bahasha yangu, akaipasua, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akasema, "Kanisa limepokea barua rasmi kutoka kwa muzee wetu."

Nilifikiri atasema tu kwamba ninaacha kazi ya Shituru. Kumbe akaanza juu kabisa, na "Likasi, tarehe", na anuani ya kampuni, na "Bwana Mkuu wa Huduma". Nikamfanyia ishara kwa mkono, acha. Yeye akadhani ni unyenyekevu, akaongeza sauti.

"Kwanza, ninakusamehe kwa kuniita Vieux mbele ya madereva!"

"Amina!" kanisa likajibu, na wamama wawili wakapiga vigelegele, maana walikuwa hawajawahi kusikia msamaha wenye namba.

Hapo ndipo macho yangu yalipokwenda mlangoni. Kwetu, familia yenye shukrani ya pekee haiingii mapema; inangoja mlangoni na zawadi zake mpaka iitwe, halafu inaingia ikicheza na kwaya hadi mbele. Na mlangoni palikuwa na familia inangoja: mama mwenye mutoto mgongoni, msichana mwenye kapu la unga kichwani, na mbele yao, amevaa shati la kitenge, ameshika kuku wawili kwa miguu, shefu wangu Bwana Mwamba.

"Pili, ninakusamehe kwa kuhesabu glavu!"

"Amina!"

Niliangalia chini. Nikaangalia juu. Hakuna mahali pa kuangalia kwenye viti vya wazee. Viliwekwa hivyo makusudi. Shefu alikuwa amesimama bila kutikisika, ila wale kuku tu ndio waliokuwa wanatikisika.

"Tatu," Papa Ntumba akasoma, na sasa watu walikuwa wanahesabu pamoja naye kwa vidole, "kwa kunikataza kuimba nyimbo za Bwana!"

Kwa hiyo ya tatu hawakusema Amina. Walisema "Aaah!", kama vile wamesikia habari ya mfalme mpagani. Papa Ntumba akaendelea mpaka kwenye orodha ya kopi, akaisoma nayo, akakunja karatasi, na pastere wetu, ambaye hakumjua shefu wangu kwa sura, akasimama kwa furaha akasema, "Na sasa tuite familia iliyotoka Shituru kumushukuru Mungu!"

Ngoma zikaanza. Kwaya haikujua kitu, ikaimba kwa nguvu zote. Shefu akaja mbele akitembea, hakucheza, mke wake nyuma akicheza kidogo kwa ajili ya ngoma. Akaweka kuku chini, akachukua maikro.

"Bwana asifiwe. Minye njo ule shefu wa mu barua."

Jamani, ngoma ilikuwa imeshanyamaza, lakini hapo ilinyamaza mara ya pili.

"Minye nilikuya na neno yangu," akasema. "Mwezi uliopita mutoto wetu huyu alikuwa mugonjwa sana, tulimupeleka Lubumbashi, madaktari balikuwa bananyamaza. Siku moja nilirudia ku kazi, nikashuka mu depo, nikauliza Papa Kabeya, weye unaombaka? Akaomba na minye pale pale, kati ya botte. Mutoto amepona. Ijumaa nilienda kubatosha ku hopitali, mutoto na mama yake, tukarudia nyumbani. Nikasema kwa bibi yangu huyu, Dimanche tutaenda kushukuru mu kanisa ya Papa, tusimuambie, tumushangaze." Akaangalia karatasi mkononi mwa Papa Ntumba. "Sasa minye njo nimeshangaa."

Nilikuwa nimelisahau lile ombi. Ndugu zangu, niliandika vitu vitatu vya kumsamehe, nikavikumbuka kimoja kimoja na siku yake, lakini siku aliyoshuka akilia nilikuwa nimeisahau, kwa sababu haikuniuma mimi.

Shefu akanigeukia. "Lakini Papa, kopi inasomwa. Original iko wapi?"

"Iko... mu mufuko, shefu."

"Leta."

Nikasimama mbele ya watu wote nikatoa bahasha na kopi yangu kwenye lile koti la harusi. Akaifungua, akasoma kama muntu asiyejua kilichomo, akaomba kalamu. Papa Ntumba akampa Bic yake kwa mikono miwili (huyo naye!). Shefu akaweka kopi yangu juu ya meza ya Neno, akaandika kwamba amepokea, akatia tarehe, akatia saa, akatia saini, akanirudishia kopi yangu. Mkono kwa mkono, kama nilivyotaka.

"Préavis yako inaanza kesho, Papa," akasema, yaani zile siku za mwisho za kutumika baada ya kuaga. "Saa moja na nusu, kama siku zote."

Muntu mmoja nyuma akasema Amina. Mpaka leo sijamjua.

Baada ya ibada pastere alinishika mkono, akanipeleka pembeni. Kamati imekaa dakika tano chini ya bati la jikoni, akasema, na bado wananitaka, ila wanauliza: muntu aliyetangaza makosa ya shefu wake, kesho hatatangaza magonjwa ya watu? "Leta ile attestation, Papa. Neno la shefu wako litatutosha." Neno la shefu wangu! Nyumbani Mama Tshilanda aliuliza tu kama bado ninafundisha lile somo la darasa la ubatizo, lile la kwamba ukiwa na neno na ndugu yako umwendee kwanza, weye na yeye tu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni somo nzuri," akaenda kuchota maji.

Jumatatu saa moja nilikuwa mlangoni kwa shefu. Nilitaka kupiga magoti, akasema, "Papa, ikala ku kiti, magoti yako nayajua." Nikamwomba msamaha, bila namba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Vieux," akasema, "kwetu ni heshima. Sikujua inakuuma. Glavu nilikuwa nahesabia kwa sababu hesabu yako kila siku iko sawa, nilikuwa nataka kujifunza unafanyaka namna gani."

"Na nyimbo, shefu?"

"Nyimbo, Papa, weye unaimba mubaya."

Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Juu ya nini haukuniambia minye?" Kiti kile kilikuwa kigumu kuliko vya wazee.

Nilitumika préavis yote. Madereva walikuwa wanakuja kwenye dirisha la depo wakiwa wamevua kofia: "Papa, na minye unisamehe, namba ine, nilibeba glavu mbili za mukono wa kushoto!" Nilicheka nao, taratibu, kama muntu anayekunywa dawa. Siku ya mwisho tulifanya remise na reprise, kukabidhi depo kwa kijana aliyenirithi, tukahesabu kila kitu, na glavu nikaomba mwenyewe zihesabiwe mara ya tatu. Zilikuwa sawa. Lakini kuhusu attestation shefu hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza, nikashuka Kikula mikono mitupu.

Kesho yake alasiri nikasikia hodi. Shefu Mwamba, kwa miguu, peke yake, na bahasha mkononi. Hakuipitisha kwa sekretere, hakuipitisha kwa pastere. Akanipa, akanipa na kalamu, nikatia saini kwamba nimepokea. Ilikuwa na mistari mitatu. Alisema nilitumika kwa uaminifu, alisema hesabu yangu haikupungua hata siku moja, alisema asante.

Mama Tshilanda akaichukua, akaiangalia moja kwa moja chini, mahali pa kopi. Palikuwa patupu.

"Shefu," nikamuuliza, "haukutia kopi?"

"Hii ni yako, Papa. Bale bengine utabaambia weye."

Leo niko kwenye stoo ya dawa, na vijana bado wanaletwa kwangu niwaonyeshe namna ya kuacha kazi vizuri. Ninawaambia: mistari mitatu kwa Nadine, mlangoni kwa shefu wako, ungoje hata kama yuko Lubumbashi wiki nzima. Wakiniuliza, na bahasha zingine Papa, ninawaambia hakuna bahasha zingine. Na ndani ya stoo siimbi.