Sumaku Yangu na Chupa ya Neema

Mnunuzi yeyote wa chuma chakavu hapa Iyunga, Mbeya, angefanya nilichofanya mimi, ila wenzangu wana bahati ya kutotumwa. Mdogo wangu Neema anasomea dawa ya kung'arisha picha za MRI. Ni vumbi laini mno la kutu ya chuma, lililovikwa utando wa plastiki lisigandane. Nikiwa Iringa, akaniomba nimchukulie chupa yake maabara. Kesho yake angeipiga picha mbele ya wasimamizi. Ikigoma, anarudia mwaka.

Dada wa maabara akanipa maji ya kahawia. Nikagusisha sumaku. Kimya. Nikarudia. Kimya.

"Dada, humu hamna chuma. Hii chai."

"Kimo, kaka. Kimevikwa, ndiyo maana hakikimbilii sumaku."

"Na chupa ile pale mezani?"

"Haijavikwa hiyo. Ya kutupa."

Nikaisogezea sumaku. Vumbi lote likajazana upande mmoja, jeusi, la heshima. Chuma halisi kinatupwa, mimi nipewe chai! Nikambana mpaka akachoka, akanipa. Chai yao nikawaachia.

Kesho yake Mbeya, mimi nikiwa mlangoni, wasimamizi watatu wakaitazama chupa: juu maji meupe, chini tope. Neema akapiga simu maabara, sauti ya wote kusikia.

"Dada, mbona umenipa iliyoharibika?"

"Muulize kaka yako! Nimemkatalia mara tatu, akasema yeye ana miaka kumi na mbili kwenye chuma, mimi nina digrii tu."

Macho manane yakanigeukia. Nikayahesabu tena. Manane.