Kaburi Lililongoja Rubisi

Laurensia Mukantabana hakuwa mtu wa kuombaomba. Alilima migomba na kahawa bondeni Kamuli, na mumewe Evaristi alipofariki alizikwa kwenye kona ya kibanja chao, karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Laurensia alilifagia kaburi lile kila alipofagia uwanja.

Mvua za El Nino zilipoanza, mwaka 1997, mto Kagera ukafura. Mwanawe Fidele akang'oa mabati ya nyumba, akamhamishia mama yake mlimani. Mbuzi wakahama, milango ikahama. Evaristi akabaki.

Siku moja mzee Zubeiri mwenye duka, mpenda magazeti, akamwonyesha picha ya hekalu la kale la Misri.

"Bwawa la Nile lingelizamisha hili. Wakalikata vipande vipande, wakalijenga upya juu, maji yasikofika. Na maji yetu haya ya Kagera huko ndiko yanakokwenda, Mama Fidele."

Laurensia aliitazama sana ile picha. "Miungu yao ilikufa zamani, ikabebwa. Mume wangu ana miaka sita tu kaburini, ataachwaje?"

Akamwendea shemeji yake Telesfori, maana kwao mke hafukui kaburi la mumewe.

"Shemeji, marehemu hafukuliwi kama kiazi," Telesfori akasema. "Lazima aambiwe kwanza, kwa rubisi."

Rubisi ni pombe ya ndizi, na ndizi haziivi kwa amri. Shimo la kuzivundikia likajaa maji, zikatafutwa nyingine. Laurensia akasihi Evaristi aambiwe kwa maji matupu, ukoo ukamcheka. Haraka haraka haina baraka! Methali hiyo imeharibu mambo mengi kuliko uvivu. Mimi jirani yao nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Pombe ilipokuwa tayari wanaume walikunywa kwanza, kisha wakashuka na majembe. Kibanja hakikuwepo. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamefika kwenye majani ya migomba. Telesfori akaangua kilio. Laurensia hakulia. Alimpokonya jembe akaingia majini mpaka kifuani, akipapasa chini kwa mpini, huku na huko, asijue tena kona ni ipi. Tulimtoa kwa nguvu.

Maji yalipopungua yaliacha tope na mafunjo tu. Laurensia aliishi mwaka mmoja zaidi kwa Fidele, akila kidogo, akisema kidogo. Alipofariki, Telesfori alianza tena habari za rubisi, tukamnyamazisha. Tulimzika mlimani siku ya pili yake, peke yake, mbali na Evaristi, mtu pekee ambaye yeye alitaka kulala karibu naye.